Fundi wa Majina, Kanyenye

Ukiita "Juma!" kwenye korido ya ofisi hapa Kanyenye, mjini Tabora, hageuki mtu mmoja. Afisa TEHAMA anayeunganisha saraka ya watumishi na mfumo wa tiketi za dawati la msaada huanza na ugumu huo, na ufundi wake huonekana hapohapo.

Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Mtumishi ana akaunti moja, ile anayofungulia kompyuta asubuhi. Printa ikigoma, aingie kwenye mfumo wa tiketi kwa nywila ileile, na ombi lake lifike likiwa na jina, idara na namba ya chumba. Mifumo hiyo miwili huongea kwa itifaki ya LDAP, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1993, na ambayo Microsoft iliitumia katika saraka yake, Active Directory, iliyokuja na Windows 2000. Nywila haihifadhiwi kwenye mfumo wa tiketi. Huulizwa saraka, nayo hukubali au hukataa.

Wengi wakishaona watu wanaingia, huona kazi imekwisha. Fundi ninayemheshimu hapo ndipo anapokaa kitako. Anajiuliza: mtu huyu tumtambue kwa kipi? Jina hubadilika mtu akiolewa, na barua pepe hulifuata. Mahali pake ndani ya saraka hubadilika akitolewa Uhasibu kupelekwa Ardhi. Lakini Active Directory humpa kila mmoja utambulisho wa biti 128 usiobadilika mpaka akaunti ifutwe. Fundi hufunga uzi wake hapo. Mtumishi hataiona namba hiyo maisha yake yote, na ndiyo inayofanya tiketi zake za mwaka juzi ziendelee kuwa zake.

Mji huu unajua watu wanaokuja na kuondoka. Misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe ikagawanyika, mingine Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Mpagazi mmoja akimaliza mkataba, mwingine alijitwika mzigo, na mnyapara alipaswa kujua nani yupo, nani ameondoka, na mzigo uko begani kwa nani. Saraka inadai macho hayohayo. Mtumishi akihamia Nzega, akaunti yake huzimwa bila kufutwa, na tiketi alizoacha wazi hukabidhiwa mwenzake.

Uangalifu unaonisisimua zaidi ni ule wa nywila tupu. Kwa kanuni za LDAP, ukipeleka jina bila nywila yoyote, seva inaweza kukupokea kama mgeni asiyejulikana na kujibu kwamba ni sawa. Mfumo wa tiketi uliotengenezwa kwa uzembe husikia "sawa" hiyo ukamwingiza mtu kwa jina la mkuu wake wa idara. Waraka RFC 4513 wa mwaka 2006 uliwaonya watengenezaji programu juu ya jambo hili. Fundi mzuri haridhiki na onyo. Anaandika jina lake, anaacha nafasi ya nywila wazi, anabonyeza, anangoja akataliwe.

Vilevile Active Directory, isipobadilishwa, hurudisha majina 1,000 tu kwa ombi moja. Programu isiyojua kuomba ukurasa unaofuata itawaacha nje waliobaki, kwa hiyo yeye huhesabu pande zote mbili. Kwa kila mtumishi anachukua jina, idara, namba ya chumba na barua pepe, basi. Tarehe ya kuzaliwa haimsaidii mtu kutengenezewa printa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iko upande wake.

Saraka ikilala, hakuna atakayeweza kuingia hata kuripoti kwamba imelala. Ndiyo maana fundi huacha akaunti moja ya msimamizi isiyotegemea saraka, nywila yake ikiwa ndefu na imefungiwa kabatini kwa mkuu wa kitengo. Jioni, watu wakishatoka, huukata makusudi muungano wa saraka ili aone kama akaunti hiyo inafungua.