"Orodha" na Mwenzi Asiyekuwepo: Tahakiki Fupi

Tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds (2006) imesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania. Furaha, msichana wa kijijini, anafariki kwa UKIMWI na kuacha barua isomwe mazishini. Wanaume waliohusiana naye wanahaha barua isisomwe, wakidhani imetaja majina yao. Kumbe orodha yenyewe si ya watu, bali ni ya mambo ambayo yangemsaidia Furaha kama angeyapata mapema.

Hapo ndipo ulipo ubora wa kazi hii. Darasani tumezoea kusema "mficha maradhi kilio humfichua" na kumtupia mgonjwa lawama zote. Reynolds anaigeuza methali hiyo: marehemu amesema wazi, wanaoficha ni wazima.

Hata hivyo, kasoro ipo. Mwenye virusi tunamfahamu kupitia mazishi yake. Hatumwoni mwenzi anayejua hali ya mpenzi wake na akabaki naye. Mwanafunzi anafunga kitabu akiwa amejifunza kuogopa na kutohukumu, lakini hajajifunza kuishi na kupendana, ilhali huenda kwao wamo wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana.

Mwalimu hana budi kuliziba pengo hilo. Leo tunajua kwamba anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku, na vipimo vikaendelea kuonyesha kuwa virusi havionekani katika damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kabla ya kufikia hapo kuna kondomu, na kuna dawa za kinga anazotumia yule asiye na virusi. Ushahidi wa dawa hizo umetoka hapa hapa kwetu: utafiti uliofuatilia wenzi 4,747 wa Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa 2012, ulionyesha kuwa kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Mengine hayahitaji daktari: kumsindikiza mwenzio kliniki, kupima mara kwa mara, kumkumbusha dawa bila kumsimanga, na kutunza siri yake mpaka aamue mwenyewe kuitoa.

Lugha nayo ihakikiwe. Tukimwita mtu "mwathirika", tumekwisha kumlaza kitandani. "Anayeishi na VVU" ni maneno marefu zaidi, lakini kitenzi chake ni kuishi.

Tunapendekeza zoezi hili: wanafunzi watunge onyesho moja ambalo Furaha yu hai, ameanza dawa, na anamweleza mpenzi wake hali yake. Mpenzi huyo atajibu nini? Majibu yao yatatuonyesha ni wapi ufundishaji wetu wa fasihi umefika, na ni wapi bado.