Utendi wa Mwana Kupona na Ugomvi wa Majumbani Mwetu



Utendi wa Mwana Kupona sisi wa Kilwa tuliusikia kwa mama zetu kabla hatujauona kitabuni, na maneno yake mengine yalitutatiza, kwani ni Kiswahili cha kaskazini, si Kimgao chetu. Desturi ni kuwasomea mabinti. Leo nataka kukusomea wewe, baba, na wewe, mama, mliye na kijana wa miaka kumi na minne au kumi na saba ndani ya nyumba, na kila baada ya Ijumaa mnakuja kwangu na shtaka lile lile: “Sheikh, mtoto huyu hasikii. Nimemwambia mara mia.”

Mimi huuliza: hizo mara mia umemwambia saa ngapi? Jawabu ni moja. Usiku, kijana ametoka kwenye banda la mpira, au binti ameshikwa na simu mkononi. Mzazi amesimama mlangoni, na neno la kwanza ni “Umetoka wapi wewe?” Kijana analijua neno la pili na la tatu, na mzazi analijua jibu. Ni kama khatibu asomaye karatasi moja kila Ijumaa. Wote wawili wanalala na hasira, na kesho magharibi inaanza upya.

Sasa tazama jinsi bibi yule anavyofungua maneno yake. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyepigana na masultani wa Unguja na akafa mwaka 1856. Utendi aliutunga mwaka 1858, yu mgonjwa, na miaka michache baadaye akafariki. Binti yake, Mwana Hashima, yasemekana alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Yaani umri ule ule unaotusumbua sisi.

Jambo la kwanza, anamwita binti asogee karibu. La pili, anamweleza kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, hata hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Angalia hapo, ndugu yangu. Mzazi anaanza kwa kutoa udhuru wa kunyamaza kwake yeye, si kwa kuhesabu makosa ya mtoto. Kisha anamwambia akae na wino na karatasi. Kalamu iko mkononi mwa nani? Mwa binti! Wasia wake anaufananisha na kidani cha lulu na marijani atakachomvika shingoni. Sisi nasaha zetu tumezifanya kamba ya mbuzi.

Baada ya hayo ndipo anapotaja dini, adabu, ulimi wa kweli, na kujitenga na wapumbavu. Na anapofika kwenye ndoa anatoa ushahidi wa maisha yake mwenyewe: aliishi na baba yake Mwana Hashima kwa furaha, hawakuvunjiana heshima, na mume akafa hali yu radhi naye. Binti aliyaona hayo kwa macho yake. Baba amwambiaye mwanawe aache simu, na yeye mwenyewe hutazama simu tangu isha mpaka usingizi umchukue, ushahidi wake ni upi?

Nami nisijifiche. Binti yangu wa pili nilimgombeza kwa utendi huu huu. Kila akichelewa nilimsomea beti za utiifu, na yeye akinyamaza nilidhani zinamwingia. Siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, “Baba, Mwana Kupona alimwita mwanawe akae. Mimi hunisomea nimesimama.” Nilikasirika sana, nikamwona hana adabu. Wiki ile akaenda kwa shangazi yake Lindi, akakaa miezi saba. Barabara ni ya lami siku hizi, si mbali, lakini sikwenda mpaka mwezi wa nne. Aliponiona alinipikia, akanitengea, wala hakula nami.

Kosa halikuwa la utendi, ila lazima nitaje na upungufu wake. Sehemu ya kumtumikia mume ni ndefu, na watu wengi huichuna hiyo peke yake, wakaziacha beti za mwanzo na dua ndefu ya mwisho ambamo mama anawaombea watoto na jamaa zake. Tena Mwana Hashima hatusikii anasema nini. Ameandika, amenyamaza. Shaaban Robert wa Tanga (1909–1962) naye alitunga tenzi mbili za wasia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe, na humo pia mzazi ndiye msemaji peke yake. Mtungaji ana haki hiyo. Mzazi anayeishi na kijana nyumba moja hana.

Ukitaka kumsikia mtoto akijibu, fungua Sura ya As-Saffat. Nabii Ibrahim a.s. ameamrishwa na Mola wake jambo lisilo na mjadala, na juu ya hivyo anamsimulia mwanawe ndoto na kumtaka atazame na kutoa rai yake. Kijana anamjibu baba kwa neno la mapenzi, na anajiahidi kusubiri. Je, saa ya kurudi kutoka mpirani ni amri nzito kuliko ile?

Na katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad kwa Abu Umama r.a., kijana mmoja alimjia Mtume s.a.w. akaomba ruhusa ya zinaa. Watu wakamkemea. Mtume s.a.w. akamwambia asogee, akakaa, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi zake. Kila mara kijana akajibu la. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Mimi nimesomesha hadithi hii miaka mingi, na sikuwahi kuiona kuwa ni dawa ya nyumba yangu.

Wengine watanijibu kwa hadithi ya swala: mwamrishe mtoto akiwa na miaka saba, mpige akiwa na kumi. Ni kweli. Lakini hesabu baina ya saba na kumi: miaka mitatu, swala tano kila siku, zaidi ya mara elfu tano za kumwita mtoto kabla ya kuinua fimbo, na fimbo yenyewe wanazuoni wameiwekea mipaka. Nani kati yetu amefika hata mia tano?

Binti yangu alirudi kabla ya Ramadhani. Baada ya alasiri, nisipokuwa chuoni, nakaa naye barazani anachambua mchele. Siku ya kwanza nilimuuliza habari za Lindi, akanijibu kwa maneno mawili. Siku ya sita akanisimulia mpaka adhana.