Hisa, Mkataba, Funguo: Y-Säätiö Ilivyowapatia Makazi Wafini Waliokosa Nyumba

Ukitaja mafanikio ya Ufini katika kuwapatia nyumba watu wasio na makazi, hukosi wa kukujibu: nchi tajiri ile, itashindwaje? Jibu hilo ni jepesi mno. Marekani ni tajiri zaidi na mahema yamejaa kando ya barabara za Los Angeles. Uingereza ni tajiri na watu wanalala kwenye milango ya maduka ya London. Fedha zilihitajika, hilo halina ubishi. Lakini kilichofanya kazi Ufini ni mpangilio: nani anamiliki nyumba, nani anasaini mkataba na mpangaji, nani anamhudumia mpangaji huyo, na jinsi kazi hizo tatu zilivyozuiwa zisiangukie mikononi mwa mtu mmoja.

Shirika lililoshika sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Y-Säätiö, mfuko wa hisani ulioanzishwa mwaka 1985. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo miji mikubwa ikiongozwa na Helsinki, Kanisa la Kilutheri, Msalaba Mwekundu na chama cha afya ya akili. Wakati huo Helsinki pekee ilikuwa na vitanda 2,121 katika mabweni ya watu wasio na makazi. Miaka miwili baadaye, hesabu ya kwanza ya kitaifa ilipata watu zaidi ya 18,000 wasio na nyumba, wengi wao wanaume wasio na familia. Hao ndio waliokuwa wa mwisho kwenye foleni ya nyumba za halmashauri: mwenye watoto alitangulia, na asiye na mtoto akapewa kitanda bwenini.

Njia iliyozoeleka kwa mashirika ya hisani ingekuwa kutafuta kiwanja, kujenga jengo na kulijaza watu. Y-Säätiö ilianza kwa kununua fleti mojamoja sokoni, na sheria za nyumba za Ufini ziliirahisishia sana.

Ufini mtu hanunui fleti yenyewe. Jengo zima ni mali ya kampuni ya makazi, na mnunuzi hupata hisa zinazompa haki juu ya fleti fulani. Baada ya hapo hulipa kila mwezi mchango wa kuendesha jengo: kupasha joto, kutengeneza paa, kuzoa theluji. Hisa hizo huuzwa na kununuliwa bila mlolongo mkubwa. Basi Y-Säätiö ikawa inanunua hisa za chumba kimoja hapa, viwili pale, katika majengo ya kawaida yanayokaliwa na wastaafu, wauguzi na wanafunzi. Mnunuzi wa hisa haombi kubadilishiwa matumizi ya ardhi. Haitishi mkutano wa wakazi wa mtaa kuwaeleza kwamba kesho wataletewa walevi na watu waliotoka gerezani. Upinzani wa majirani, ambao umeua miradi mingi ya aina hii kote duniani, haukupewa hata pa kuanzia.

Kuna faida nyingine ambayo wahasibu huiona kabla ya watu wa ustawi wa jamii. Fleti iliyomo ndani ya jengo la kawaida inaweza kuuzwa. Mtaa ukiharibika au ajira zikihamia mji mwingine, shirika huuza hapa likanunua kule. Bweni la vitanda mia mbili halina mnunuzi. Ukishalijenga, linakulazimisha uendelee kutafuta watu wa kulijaza.

Fedha za kununulia zilitoka kwenye mashine za kamari. Hadi mwisho wa 2016, shirika la RAY ndilo lililokuwa na haki pekee ya kuendesha mashine hizo nchini Ufini, na faida yake iligawiwa kwa mashirika ya afya na ustawi. Mwaka 2017 biashara hiyo ikahamia kampuni ya Veikkaus. Ruzuku ya RAY ililipa takriban nusu ya bei ya fleti, na iliyobaki ikakopwa. Inakera kidogo kufikiri kwamba baadhi ya sarafu hizo zilitoka mifukoni mwa watu ambao kamari ndiyo iliyowaponza hadi wakapoteza nyumba. Lakini tazama inavyobadilisha hesabu. Tuseme fleti inauzwa euro 100,000. Ruzuku ikibeba 50,000, kodi ya mpangaji inahitaji kulipia mkopo wa 50,000 tu pamoja na mchango wa jengo. Kodi hiyo inashuka hadi kiwango ambacho posho ya serikali ya makazi inaweza kukifikia. Mkopo ukiisha, fleti inabaki mikononi mwa mfuko usiogawa faida kwa mtu yeyote, na ziada inanunua fleti nyingine.

Uhusiano kati ya mwenye fleti na mpangaji ndio sehemu ninayoiona ya kitaalamu kuliko zote. Fleti hizi zilizotawanyika Y-Säätiö iliwapangisha manispaa na mashirika washirika, nao wakawapangisha wakazi. Manispaa ilichagua nani aingie na ikatoa ofisa wa kumsaidia. Y-Säätiö ikabaki na kazi ya mwenye nyumba: kukarabati, kulipa mkopo, kununua zaidi. Shirika halikujifanya daktari, wala mshauri wa waraibu.

Uzito wa mgawanyo huo unaonekana ukiulinganisha na mfumo uliokuwapo, ambao wataalamu waliuita wa ngazi. Mtu alianzia bwenini. Akiacha pombe alipandishwa kwenye chumba cha pamoja, akionyesha nidhamu akapewa fleti ya majaribio, na mwishoni kabisa, akiwa amepona, akapata nyumba yake. Kila ngazi ilikuwa na mtu mmoja aliyeshika funguo na pia kuipima tabia ya mkazi. Mkazi akiteleza akanywa Jumamosi, Jumatatu amerudishwa chini. Katika mazingira hayo, mwenye akili timamu hamwambii mhudumu wake kwamba amerudia heroini. Anaficha, na anayeficha hapati matibabu.

Mkataba wa Y-Säätiö ulikata uzi huo. Mkazi ni mpangaji chini ya sheria ya kawaida ya upangaji, iliyopitishwa mwaka 1995. Anaweza kutolewa kwa sababu zilezile zinazomtoa mwalimu wa ghorofa ya juu: kutolipa kodi, kuharibu nyumba, kuwasumbua majirani kupita kiasi. Kunywa ndani ya nyumba yako mwenyewe si kosa la mpangaji. Na kwa kuwa ofisa anayemtembelea hana mamlaka ya kumfukuza, mpangaji anaweza kumwambia ukweli.

Wazo kama hilo lilikuwa limeota ng'ambo ya bahari. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha Pathways to Housing jijini New York, akiwapa fleti watu wenye magonjwa ya akili waliokuwa wakilala mitaani, bila kuwataka kwanza watibiwe au waache ulevi. Walitakiwa kulipa asilimia 30 ya kipato chao na kukubali kutembelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa baada ya miaka mitano asilimia 88 walikuwa bado wana nyumba. Katika mfumo wa kawaida wa jiji ilikuwa asilimia 47. Mtindo huo ukajulikana kwa jina la Makazi Kwanza. Pathways, hata hivyo, ilikodi fleti kwa wenye nyumba binafsi, na anayekodi hutegemea hiari ya mwenye mali kila mkataba unapokwisha. Y-Säätiö ilimiliki, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuamka asubuhi akapandisha kodi au akaamua kumpa fleti mpwa wake.

Hata hivyo njia ya kutawanya fleti haikuwafikia wote. Kufikia 2008 Helsinki ilikuwa bado na vitanda 558 vya bweni, na waliobaki juu yake ndio waliokuwa na hali ngumu zaidi: walevi wa miaka mingi, wagonjwa wa akili, watu waliokwishafukuzwa mara kadhaa. Mwaka 2007 serikali iliteua jopo la watu wanne kuandika ripoti, wakiwamo askofu wa Helsinki, Eero Huovinen, daktari na mbunge wa zamani Ilkka Taipale, na Hannu Puttonen, aliyekuwa akiiongoza Y-Säätiö. Ripoti yao iliitwa Nimi ovessa, yaani jina mlangoni. Kutoka humo ukazaliwa mpango wa kitaifa wa PAAVO, ulioanza 2008 katika miji kumi ukiwa na lengo la kupata makazi 1,250 na kupunguza kwa nusu idadi ya waliokosa makazi kwa muda mrefu ifikapo 2011.

Hapa likafanyika jambo ambalo wengi huliruka wanaposimulia habari ya Ufini: mabweni yenyewe yaligeuzwa fleti. Bweni la Jeshi la Wokovu katika barabara ya Alppikatu, mtaa wa Kallio, lilivunjwa ndani na kujengwa upya kuwa fleti 81, kila moja na mlango wake, jiko na bafu. Kufikia 2016 Helsinki ilibakiwa na vitanda 52 tu vya dharura. Kiufundi hiyo ni hatua kali, kwa sababu inajifungia njia ya kurudi. Vitanda vya bweni vikiwapo, ofisa aliyechoka na mpangaji msumbufu atamrudisha huko. Visipokuwapo, hana budi kutafuta suluhisho palepale kwenye fleti.

Lakini sioni kwamba kila kitu katika awamu hiyo kilikuwa sawa. Kuwaweka waraibu themanini katika jengo moja, hata likiwa zuri namna gani, ni kupoteza ile faida ya kutawanya iliyopatikana tangu 1985. Anayetaka kuacha dawa anakutana na muuzaji kwenye lifti. Majirani waliokuwa hawajui lolote sasa wanajua vizuri sana, na waendeshaji wa majengo hayo walilazimika kuanzisha kazi maalumu ya ujirani: kuzungumza na wenye maduka, kupokea simu za malalamiko, wakazi kushiriki kusafisha mitaa. Wafini wenyewe wamelijadili hilo kwa miaka.

Na lengo la nusu halikufikiwa. Awamu ya kwanza ilipunguza waliokosa makazi kwa muda mrefu kwa asilimia 28, ingawa idadi ya fleti ilipita 1,250 iliyokusudiwa. Mwisho wa awamu ya pili, mwaka 2015, upungufu ulikuwa takriban asilimia 35. Anayeandika kwamba Ufini imemaliza tatizo hili hajasoma takwimu za Ufini.

Kuhusu takwimu zenyewe, Wafini huhesabu kila mwaka kwa kuangalia hali ilivyo tarehe 15 Novemba, na huwahesabu pia wanaolala kwa muda kwa rafiki au ndugu. Hao ni zaidi ya nusu ya wote. Kwa kipimo hicho kijana anayelala sebuleni kwa binamu yake Mbagala jijini Dar es Salaam au Kayole jijini Nairobi angeandikwa kuwa hana makazi. Kwa hiyo watu 3,686 waliohesabiwa mwaka 2022, katika nchi ya watu milioni 5.5, ni idadi inayojumuisha wengi ambao nchi nyingine huwaacha nje.

Faida kwa hazina ya umma ilipimwa Tampere, katika kituo kimoja cha makazi yenye huduma. Polisi, hospitali, gari la wagonjwa na mahakama zilitumika kidogo kuliko awali, na akiba ikakadiriwa kuwa kati ya euro 14,000 na 15,000 kwa mkazi kwa mwaka. Namba hiyo imezunguka dunia nzima katika hotuba za mikutano. Ningewaomba wanaoitumia wakumbuke kwamba wakazi waliopimwa walikuwa wachache, na walichukuliwa katika kundi lililokuwa ghali kuliko yote. Akiba ya mtu aliyekuwa akilala kwa rafiki haiwezi kuwa kubwa hivyo.

Mwaka 2016, chini ya mkurugenzi wake Juha Kaakinen, Y-Säätiö ilinunua kwa mkupuo fleti zaidi ya 8,000 za kodi nafuu kutoka kampuni ya VVO na kuziweka chini ya kampuni tanzu, M2-Kodit. Hizi hupangishwa kwa watu wa kipato cha chini kwa jumla, hata ambao hawajawahi kukosa makazi. Wapo walioona shirika limetoka nje ya njia yake. Mimi naona lilikuwa linasogea nyuma kwenye chanzo: mpangaji mwenye fleti ya kodi nafuu na mshauri wa makazi anayempigia simu akichelewesha kodi mwezi wa kwanza hafiki kwenye mlango wa bweni.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataona kwamba sehemu ya kwanza ya mashine hii tunayo. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, Kenya ina yake ya 2020. Fleti moja ndani ya ghorofa inaweza kumilikiwa kihalali na shirika la hisani leo hii. Tusichonacho ni posho ya makazi. Mpangaji wa Ufini asiye na kazi hulipiwa sehemu kubwa ya kodi na Kela, taasisi ya hifadhi ya jamii, kila mwezi. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakuonyesha choo.

Na posho hiyo ndiyo iliyoguswa Ufini. Kuanzia Aprili 2024 serikali ya Waziri Mkuu Petteri Orpo ilishusha kiwango cha posho ya jumla ya makazi kutoka asilimia 80 ya gharama zinazokubalika hadi asilimia 70. Hesabu ya Novemba mwaka huohuo ilipata watu 3,806 wasio na makazi, ongezeko la 377 kutoka mwaka uliotangulia, baada ya idadi kushuka kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo. Serikali hiyohiyo imeandika katika programu yake kwamba itamaliza kabisa ukosefu wa makazi wa muda mrefu ifikapo 2027. Lengo hilo linasimamiwa na Wizara ya Mazingira. Posho iko chini ya Wizara ya Masuala ya Jamii na Afya.