Msomaji, Mnakili na Mfasiri: Uhakiki wa Programu ya dd

Si desturi ya jarida la lugha kuhakiki chombo cha kompyuta, wala sikusudii kuivunja desturi hiyo pasipo sababu. Lakini siku hizi kamusi, orodha za msamiati na picha za miswada ya kale huhifadhiwa katika kompyuta, na maktaba kubwa bado huweka akiba zake katika kanda za sumaku. Mwezi wa Februari 2011, barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail zilipotoweka, zilirudishwa kutoka katika kanda za namna hiyo. Basi yule asomaye ukanda na kutoa nakala yake ni ndugu wa mnakili wa miswada, na yafaa apimwe kwa kipimo kile kile.

Programu ninayotaka kuipima huitwa dd. Ilikuwamo katika Unix tangu miaka ya 1970, na imo katika Linux hata leo. Jina lake limetokana na agizo la DD katika lugha ya JCL ya mashine za IBM, na amri zake zina lafudhi ya huko: if= ni kile kisomwacho, of= ni kile kiandikwacho, conv= ni namna ya kukigeuza. Yaani msomaji, mnakili na mfasiri wamekalishwa katika kiti kimoja. Sifa yake ni hiyo, na ila yake ni hiyo pia.

Tuanze na kusoma. Data katika ukanda haiandikwi kwa mfululizo mmoja. Hukatwa katika rekodi, na baina ya rekodi na rekodi pana nafasi tupu. Mwisho wa kila faili huwekwa alama. Mipaka hii ni sehemu ya maandishi, kama vile vina na vituo vilivyo sehemu ya utenzi. Sasa dd husoma rekodi moja moja kwa uangalifu, kisha huzimwaga zote katika diski pasipo mpaka wowote. Ikiwa rekodi zina urefu mmoja, mtu aweza kuhesabu na kuirudisha mipaka. Ikiwa hazilingani, wala hazikuandikwa urefu wake ndani, mipaka imekwenda. Ni kama mtu anakiliye utenzi kwa kuunganisha vipande vyote mstari mmoja, kisha akadai hakupunguza hata herufi. Kweli hakupunguza herufi.

Lakini hatari kubwa imo katika kugeuza. Mashine za IBM za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, huandika herufi kwa mpango uitwao EBCDIC, ambamo A ni 193. Katika mpango wa ASCII A ni 65. Ukiiambia dd conv=ascii, hugeuza kila baiti kwa jedwali lake. Jedwali lenyewe silitii ila. Ila ni kwamba programu haijui kama baiti iliyo mbele yake ni herufi au ni hesabu. Mashine hizo zina desturi ya kufunga tarakimu mbili katika baiti moja. Nambari 125 huandikwa kwa baiti mbili, 12 na 5C, na ile C ya mwisho huonyesha kwamba nambari ni chanya. Katika EBCDIC 5C ni alama ya nyota, nayo nyota katika ASCII ni 2A. Ile 12 haibadiliki. Basi panatoka 12 na 2A. Na kwa bahati mbaya, A pia hukubaliwa na mashine hizo kuwa alama ya chanya. Nambari 125 imekuwa 122, wala hapana kosa lolote lililotangazwa! Kama ingeharibika kabisa, mtu angeshtuka.

Kwa haki, jedwali hilo hugeuza baiti kwa baiti, moja kwa moja, na ajuaye lililotendeka aweza kurudi nyuma. Wasomaji wa jarida hili wanaifahamu shida hiyo. Hati za Kiswahili katika herufi za Kiarabu mara nyingi huandika b na p kwa herufi moja, na kasra moja husomwa i au e. Anayeleta herufi za Kirumi hana budi kuchagua. Hichens alipochapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940 alichagua kwa niaba yetu. Twaweza kumpinga kwa sababu hati za herufi za Kiarabu hazikutupwa.

Jambo la tatu ni pahali palipoharibika. Mnakili mwaminifu akikuta ukurasa ulioliwa na mchwa huacha pengo, na pembeni huandika kwamba hapasomeki. Mtumiaji wa dd hushauriwa aandike conv=noerror,sync, na programu hujaza pengo kwa sifuri. Sifuri hizo hazina tofauti na sifuri za asili. Tena sync huijaza kila rekodi iliyo fupi, hata iliyo nzima.

Sina shaka kwamba njia bora ipo. Programu ya SIMH ya Bob Supnik, iigayo mashine za kale, ina muundo wake wa taswira ya ukanda: urefu wa kila rekodi huandikwa mbele yake na nyuma yake, alama ya ukanda huwa urefu wa sifuri, na rekodi iliyosomwa kwa kosa hutiwa alama katika urefu huo huo. Hapo mfasiri amengojea zamu yake.

Kwa dd nakubali kazi moja tu: kusoma pasipo conv, faili moja kwa wakati mmoja, na urefu wa rekodi ukiandikwa kando kwa mkono. Na kwa upande wetu wa maneno, napendekeza tuache kuita kazi hizi zote kunakili. Kurudufu kuwe kwa ukanda pamoja na mipaka yake. Kunakili kubaki kwa maandishi yaliyomo.