Mhusika Wako Yuko Siriasi au Kanuna Tu?

Mwaka huu vijana wenzangu kadhaa wa hapa Bariadi, pamoja na wawili wa Maswa na mmoja wa Lamadi, wamenipa hadithi zao nizisome kabla hawajazituma popote. Nashukuru kwa kuaminiwa, ingawa nyingine zilikuwa zimeandikwa kwa penseli mpaka macho yakaniuma. Zipo za mapenzi, zipo za uchawi, na ipo moja nzuri sana ya kijana anayeuza ng'ombe wa baba yake mnadani halafu anatokomea na hela Mwanza. Karibu zote zina neno moja lililotapakaa kila ukurasa kama vumbi la kiangazi: siriasi. "Baba yake alikuwa mtu siriasi sana." "Akamtazama kwa usiriasi." "Penzi lao likawa siriasi." Nimeamua kulihakiki neno hili peke yake, maana naona linatuharibia kazi.

Niseme mapema kwamba mimi si katika wale wanaotaka kila neno la Kiingereza lifukuzwe nchini. Meza tuliipata kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na hata dhati, ambalo wengi wangenishauri nilitumie badala yake, ni la Kiarabu. Siriasi limeshakuwa raia. Pita standi utalisikia kabla gari halijajaa. Konda anamwambia abiria anayebembeleza nauli, "Mama, kuwa siriasi basi." Dalali wa viwanja anatangaza kwamba anataka wateja siriasi tu. Binti anamuuliza kijana, "Uko siriasi au unanichezea?" Mgonjwa akizidiwa, watu wanasema hali yake siriasi. Chote hicho ni Kiswahili, tusidanganyane.

Lakini sikiliza mifano hiyo vizuri. Konda anataka mama aache mzaha atoe hela kamili. Dalali anataka mtu mwenye fedha mfukoni, hata kama anacheka muda wote. Binti anataka kujua kama maneno ya leo yatakuwepo kesho. Na mgonjwa alikuwa na neno lake zuri kabisa, mahututi, ila limepokonywa. Neno moja linafanya kazi nne. Mtaani halina tabu, kwa sababu mtaani unamwona anayesema: unaona uso, unasikia sauti, unaona na ule mkono unaosubiri nauli. Kwenye karatasi hakuna mkono wala sauti. Ukiniandikia kwamba baba yake alikuwa mtu siriasi, mimi msomaji nibaki na nini? Alikuwa mkali? Alikuwa haongei? Alikuwa akisema atalipa ada anailipa? Hao ni baba watatu tofauti, na kila mmoja angeifanya hadithi yako iende njia nyingine.

Tena Kiswahili chetu kimeshalitengenezea neno hili njia mbili, bila mtu yeyote kukaa kikao. Tunasema "yuko siriasi" na tunasema "ni mtu siriasi." La kwanza ni hali ya saa hii, inaweza kuisha kabla chai haijapoa. La pili ni tabia, na tabia inahitaji ushahidi. Mwandishi anayeandika la pili bila kuonyesha hata tendo moja ananitaka nimkopeshe imani, na mimi sikopeshi. Zaidi ya hapo kuna kununa, kuna kukunja ndita, kuna ukauzu. Mtu anaweza kununa mwaka mzima asimaanishe hata neno moja analosema. Mwingine anacheka mpaka jino la mwisho, lakini akikuahidi debe la mpunga utalikuta mlangoni.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Naichagua kwa sababu ni ya huku huku kwetu Ziwa, Ukerewe, na kwa sababu iliwahi kuondolewa shuleni kisha ikaja kusomwa na wanafunzi. Zakaria, baba yake Rosa, angeandikwa na sisi leo angepewa sentensi moja: alikuwa baba siriasi. Anamchunga binti, hataki mchezo na wavulana, na barua ya Charles inapokamatwa anampiga Rosa kipigo cha kutisha. Lakini Kezilahabi hakumpa sifa hiyo ya bure. Ametuonyesha pia kwamba Zakaria ni mlevi, na kwamba nyumba inabebwa na mke wake, Regina. Ukali anao, umakini hana. Msiba wote wa Rosa unaanzia kwenye pengo hilo: kachungwa, hakufundishwa kujichunga. Na Charles anayerudi baadaye kama mchumba wa kweli anamwacha pale anapogundua kwamba Rosa si bikira. Huyo mchumba siriasi! Lingewekwa neno hilo mwanzoni, lingekula kitabu kizima.

Sasa nije kwenye sehemu inayonikera zaidi, kwa sababu neno hili halikai ndani ya hadithi tu. Limepanda mpaka kwenye kiti cha mhakiki. Wasomi wetu hugawa riwaya kuwa riwaya pendwa na riwaya dhati, na ukimuuliza mwanafunzi dhati ni nini hapo, atakujibu: zile siriasi. Shuleni tulifundishwa fani na maudhui, tukatafuta dhamira kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, na tukaondoka tunaamini kwamba kitabu kikichekesha au kikikimbia sana basi kina kasoro ya akili. Matokeo yake kijana wa miaka ishirini akikaa kuandika anaanza kwa kukunja uso. Kila mhusika anaugua, kila jua linatua kwa huzuni, na mwishoni mtu anajinyonga ili hakimu wa shindano asije akadhani mwandishi alikuwa anacheza.

Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, Willy Gamba aliingia na bastola, magari na wasichana. Pendwa, wakasema, na ni kweli ilipendwa. Lakini kazi anayotumwa Gamba imefungwa kwenye vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Kuna jambo zito kuliko hilo kwa Mtanzania wa miaka ile? Ben Mtobwa naye, baba wa Joram Kiango, aliwekwa kapu hilo hilo, na bado ndiye mtu aliyeanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, badala ya kukaa akilalamika kwamba wachapaji hawapo. Ukinitaka nionyeshe mwandishi siriasi, nitaanzia hapo. Sisemi vitabu vyao havina udhaifu. Wanawake wa Musiba, kwa mfano, wengi ni mapambo, na hilo linanichosha. Nasema tu kwamba udhaifu huo hautokani na kasi wala raha iliyomo.

Kwa upande wa pili tazama Aniceti Kitereza, Mkerewe mwingine. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano ya kungoja! Hakuna atakayemwambia mzee huyo kwamba hakuwa siriasi. Lakini ndani ya kitabu kuna pombe, kuna ugomvi wa wakwe, na kuna mambo ya mume na mke ya kumfanya mtu acheke peke yake. Hata kwa Waingereza, wenye neno lao, limechezewa: Oscar Wilde mwaka 1895 aliuita mchezo wake mmoja komedi ya mambo madogo kwa ajili ya watu siriasi.

Na wala hatuhitaji kwenda London. Sisi Wasukuma tunao Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja karibu na uwanja, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hapo utaona mtu na nyoka shingoni, utaona kiroja cha kila aina, manju anamkejeli manju mwenzake mpaka wazee wanashika mbavu. Na jaribu kumwambia yeyote pale kwamba anatania! Watu wamefanya mazoezi miezi, wametafuta dawa, wamegombana na wake zao kwa ajili ya ngoma. Kichekesho chenyewe ndiyo vita. Mtu aliyekulia pembeni ya uwanja kama huo halafu anaandika kana kwamba kucheka ni dhambi, huyo anaiga kitu ambacho hajawahi kukiona.

Nimewahi kutuma hadithi kwenye shindano fulani. Ilihusu ndugu wawili wanaogombania nani asimame karibu na jeneza la baba yao wakati wa kupiga picha. Ilirudi na maneno mekundu matatu: mwandishi hayuko siriasi. Nimekaa na maneno hayo muda mrefu na mpaka leo sijui nilikuwa naambiwa nini. Kwamba sentensi zangu zina makosa? Basi nionyeshe moja. Kwamba msibani hapachekwi? Basi aliyeandika hajahudhuria misiba mingi. Kama mhakiki angelazimishwa kuliweka kando neno lile na kutafuta jingine, angeandika makini, au dhati, au heshima, na kila moja kati ya hayo lingenipa kazi ya kufanya usiku ule.

Katika muswada ninaoandika sasa, unaohusu msimu mmoja wa pamba, ruhusa ya kusema siriasi nimempa mhusika mmoja tu. Ni karani wa mizani, kijana mchangamfu, anapendwa na kila mtu. Wakulima wakianza kunung'unika kwenye foleni anapiga kofi meza, anacheka, anawaambia, "Wazee wangu, tuwe siriasi basi." Na kila anapolisema, mzee mmoja aliyeko nyuma anainuka kwenye gunia lake, anakwenda kusimama karibu kabisa na mizani.