Valvu Mbili, Mkono wa Kushoto

"Kaka, upepo atakuwa anajaza nani?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza fundi, nami moyoni nikaliona la kipuuzi. Nilikuwa nimempelekea pikapu yangu, mabaloni yake mawili ya upepo yakiwa yamefunguliwa na kurudishwa kwenye boksi, na shida iliyonichosha. Kazi yangu ni kukodisha maturubai, viti na muziki wa harusi hapa Morogoro. Kila nikifunga tela lenye mzigo, pikapu inakaa kitako, pua inaangalia mbinguni, na usiku taa zake zinamulika vilele vya miembe. Madereva ninaopishana nao wananiwakia taa kwa hasira, wakidhani nimewasha kubwa makusudi. Nilitegemea fundi aulize nina shilingi ngapi, au gari nalitaka lini.

Nikamjibu, upepo atajaza yeyote. Akacheka. "Basi tumtafutie mahali huyo yeyote," akasema, akatandika boksi la karatasi chini, akalala chali.

Simama pale Msamvu uyaangalie malori yanayokata kona kwenda Iringa au Dodoma. Yale yenye springi za upepo hayamuulizi mtu swali hilo. Yana kompresa na matanki yake, na valvu iliyofungwa kwenye chesisi ina mkono mdogo uliounganishwa na ekseli kwa kijiti. Mzigo ukiishusha chesisi, mkono unainuka, upepo unaingia kwenye mabaloni mpaka lori lirudi kimo chake. Mzigo ukishuka, upepo unatoka. Huko fundi anapiga hesabu nyingine: kijiti kisimame wima, mkono usigongwe na kitu ekseli ikiruka, na pawepo valvu ya ulinzi ili baloni likipasuka lisiunyonye upepo wa breki. Pikapu yangu haina tanki wala kompresa. Mabaloni yake, yaliyokaa kati ya springi na chesisi, hujazwa kama tairi. Kwa hiyo mkono unaosawazisha gari langu ni mkono wa mtu, na mara nyingi ni wa kijana wa pancha ambaye sijawahi kumwona.

Valvu yenyewe ni ile ile ya tairi la gari na la bodaboda, ile inayoitwa Schrader, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1893. Ukubwa wa kidole, sindano ndani, kifuniko juu. Ndiyo maana kompresa yoyote ya barabarani inaielewa. Utaibandika wapi? Popote, na hapo ndipo ubaya unapoanzia, maana kitu kinachoweza kukaa popote kwa kawaida hukaa pale palipo karibu na drili.

Ninayo ithibati. Kabla ya huyu aliyelala chali, fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alitoboa bampa la nyuma pembeni mwa kibao cha namba, akafunga valvu zote mbili pale kwa nusu saa. Zilipendeza. Nilipofunga tela ndipo nikagundua kwamba shingo ya tela na minyororo yake inapita pale pale, na kichwa cha mpira wa kujazia hakipiti. Ili nijaze upepo ilinibidi nifungue tela. Nikifungua tela, mzigo umeondoka, sijui tena nijaze kiasi gani. Mwezi wa pili nilirudi nyuma kwenye ukumbi wa harusi nikagusa ukuta kidogo tu, valvu moja ikakatika shingo.

Huyu wa pili alikaa chini ya gari muda mrefu bila kushika spana. Nilimsikia akizungumza peke yake, akikataa mahali pamoja baada ya pengine. Kwenye boneti: pasafi, lakini mrija utasafiri urefu wote wa gari ukipita jirani na ekzosi, nayo itauyeyusha, tena anayejaza akiwa mbele haoni nyuma inavyoinuka. Kwenye kifuniko cha mafuta: panafungwa kwa ufunguo, vizuri, ila inabidi kutoboa bodi, na tundu kwenye bati ni mlango wa kutu. Ndani ya tao la gurudumu: hapana kabisa, na hakueleza. Barabara ya vumbi ingejieleza yenyewe. Kwenye chesisi aligoma kutoboa upya, hasa ubapa wa juu na wa chini, kwa sababu huko ndiko chuma kinakobeba mvutano wote na ufa hupenda kuanzia kwenye tundu. Akatafuta tundu lililotoka nalo kiwandani, upande wa ubavu, nyuma ya gurudumu la kushoto, akafunga hapo kipande cha bati nene alichokikunja mwenyewe.

Kushoto! Mimi nisingewaza. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, gari likiegeshwa pembeni upande huo ndio unaotazama majani. Anayejaza upepo anachuchumaa huko, siyo mgongo wake ukiwa kwenye lami mabasi yakipita. Valvu zote mbili akaziweka upande huo mmoja, japo mrija wa baloni la kulia ulilazimika kuvuka chini ya bodi.

Kabla hajakaza chochote alivuka barabara, akaazima kwa fundi pancha mpira wa kujazia wenye kichwa kikubwa kuliko vyote, akaujaribu pale kwenye bati. Haukuingia. Akalikunja bati upya nyuzi chache, akajaribu tena, ukaingia na mkono wake ukiwa umevaa glavu. Nimeona maseremala wakipima mlango kwa kabati litakalopitishwa. Fundi wa gari anayepima kwa mkono wa mtu mwingine nilikuwa sijamwona.

Nikamuuliza kwa nini asiunganishe mirija miwili kwa kiungo chenye njia tatu, tubaki na valvu moja na kazi iwe nusu. Akanionyesha kwa viganja. Ukikata kona, gari linalalia upande mmoja. Baloni linalokandamizwa linausukuma upepo wake kwenda kwa mwenzake, na upande uliohitaji nguvu ndio unaonyong'onyea. Tela likiwa nyuma, hutaki hilo likutokee kwenye kona za Mikumi. Kila baloni na valvu yake. Ya kulia akaichonga mkwaruzo kwenye shingo kwa tupa, uusikie kwa ukucha gizani.

Mirija aliikata kwa wembe mpya, siyo kwa koleo, maana koleo hubonyeza mrija ukawa yai na kiungo kikavuja. Aliacha ulegevu mahali ekseli inapocheza, akafunga kwa vibano mbali na ekzosi, kisha akapaka povu la sabuni kila kiungo na kukaa akitazama. Hapa palichosha kidogo, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi alinipa maelekezo machache. Gari likiwa tupu, geji isishuke chini ya psi 5, baloni lisije likajibana na kujikata. Mzigo ukizidi vipi, isipite psi 100. Nisipimepime bila sababu, kwani baloni ni dogo na kila ukibandika geji unaliibia kidogo. Na tena, hili alilisema mara mbili, upepo unarudisha kimo tu, hauongezi uwezo wa gari hata kilo moja. Jenereta likikaa mkiani au puani kwa tela, baloni halitanitetea. Nilisogeze karibu na ekseli ya tela, mbele kidogo, shingo ilalie ndoano kwa kama sehemu ya kumi ya uzito wote. Akakata fimbo ya mwanzi kwa kimo cha tao la gurudumu gari likiwa tupu. Nikifunga tela nijaze mpaka fimbo isimame wima ikigusa tao. Iko nyuma ya kiti hadi leo, na watu huniuliza kama nachunga ng'ombe.

Mara ya kwanza kumwelewa fundi huyu ilikuwa Gairo, saa nane usiku, mvua na ule upepo wao wa baridi. Baloni la kulia lilikuwa limelegea. Kijana wa pancha alitoka amejifunika kanga ya mama yake kichwani, hana tochi, simu yake imezima. Nilianza kumwelekeza, kabla sijamaliza alikuwa ameshachuchumaa majanini, kidole kimepapasa, kimepata mkwaruzo. Nikasikia sauti ya upepo ukiingia, na nyuma ya gari ikanyanyuka taratibu mbele ya macho yake.

"Aliyezifunga hizi," alisema akirudisha kifuniko, "amewahi kujaza upepo."

Matundu mawili ya yule wa kwanza bado yako kwenye bampa. Moja nyigu amelijengea kwa udongo, nami nikiosha gari huwa nalizunguka.