Punda, Mpanda Farasi na Ncha ya Pembetatu

Ni matini chache zinazosomwa katika hali ngumu kama alama ya barabarani inayotahadharisha kuhusu wanyama. Msomaji wake yuko mbioni. Katika barabara ya Namanga, inayoanzia Athi River na kupita Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Bissil hadi mpakani, mwendo wa takriban kilomita 136, sheria humruhusu mwenye gari dogo kufika kilomita 110 kwa saa, na matatu na malori 80. Kwa mwendo huo wa kwanza gari humaliza mita 30 kila sekunde. Msomaji wetu basi ana sekunde mbili, tatu akibahatika, za kuiona alama, kuifasiri na kuiamini, na hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mshairi anayejivunia ufupi wake ana nafuu: msomaji wake anaweza kurudi kwenye ubeti wa kwanza.

Kwa kuwa alama za namna hii hudaiwa na wananchi, hasa baada ya ajali, na kwa kuwa madai hayo kwa kawaida huishia kwenye swali la idadi na mahali pa kuziweka, nitauliza swali ambalo mhakiki analizoea na mhandisi halizoei sana: alama hiyo imetungwaje, na utungo wake unamwacha nani nje?

Tuanze na sarufi yake. Pembetatu yenye ukingo mwekundu hutangulia kila kitu. Humwambia dereva kwamba kinachofuata ni onyo, hata kabla hajatambua ni onyo la nini. Ndani ya ukingo huo hukaa umbokivuli, yaani mchoro uliojazwa weusi mtupu, usio na jicho, manyoya wala mabaka. Hiyo ndiyo nomino. Kitenzi kimo miguuni. Ng'ombe wa alama hutembea, miguu ikipishana. Kulungu huruka, miguu ya mbele ikiwa hewani. Kwa tofauti hiyo ya miguu dereva huarifiwa aina mbili za hatari zisizofanana: ya kwanza ni kizuizi kinachosogea polepole na kuziba njia, ya pili ni mwili unaochomoka kichakani bila taarifa. Mnyama huchorwa kwa ubavu kwa sababu ya kiufundi iliyo wazi: ng'ombe anayetazamwa kwa mbele ni bonge lenye pembe, ila kwa ubavu hata mtoto humtambua.

Mtindo huu una mwenyewe. Margaret Calvert, aliyezaliwa Durban mwaka 1936, ndiye aliyechora picha nyingi za alama za Uingereza alizozibuni pamoja na Jock Kinneir, na ambazo zilianza kutumika rasmi mwaka 1965. Ng'ombe wake alikuwa na jina: Patience, wa shamba la jamaa zake huko Warwickshire. Alama za Kenya zilikulia katika mapokeo hayohayo ya Kiingereza, na kwa hiyo swali la Patience linatuhusu. Patience hana nundu. Ng'ombe wa Kimaasai anayo, na kwa mbali nundu hiyo ndiyo kitambulisho chake cha kwanza, kabla ya pembe. Anayedhani kwamba hili ni jambo la urembo tu akumbuke kwamba Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani unataka achorwe mnyama ambaye kwa kawaida ndiye anayekutwa mahali hapo, awe wa kufugwa au wa porini. Uhalisi wa kimahali, kumbe, umo ndani ya kanuni yenyewe.

Lakini utajiri wa mapokeo haya hauko kwa ng'ombe. Uko katika alama mbili za farasi. Uingereza ina pembetatu yenye farasi peke yake, inayotumika palipo na farasi au poni wanaozurura, na ina pembetatu nyingine yenye farasi aliyepandwa na mtu. Mwanaisimu angeziita jozi mlinganuo finyu: ukingo ni uleule, weusi ni uleule, mnyama ni yuleyule, na tofauti ni kipande kimoja tu cha weusi kilichoongezwa mgongoni. Kipande hicho hubadilisha maana yote. Farasi asiye na mtu ni ajali inayoweza kutokea. Dereva huwaza bampa na kioo cha mbele. Farasi mwenye mtu ni msafiri mwenzako, mwenye haki ya barabara kama wewe, mwenye mahali anapokwenda na watu wanaomngoja. Alama ya kwanza humtaka dereva ajilinde. Ya pili humtaka amlinde mwingine.

Mafanikio hayo yana siri ya kijiometri. Pembetatu ni fremu dhalimu: chini ina nafasi tele, juu haina. Mnyama mwenye miguu minne ni umbo la mlalo, naye akiwekwa humo hutandaa kwenye kitako na kuiacha ncha tupu, kana kwamba sentensi imekatizwa. Mpanda farasi huijaza fremu. Miguu minne hushika kitako, kiwiliwili cha mnyama hushika kati, na kichwa cha binadamu hupanda pale ambapo kuta mbili nyekundu zinakutana. Jicho la dereva, linalovutwa juu na kuta hizo apende asipende, humfikia mtu huyo mwisho kabisa na kutua hapo. Sidhani kwamba katika alama zote za wanyama kuna nyingine ambayo fremu na kilichomo vimeelewana kiasi hicho.

Sasa tuihamishe hoja hii Kajiado. Farasi wa kupandwa huku ni wachache. Wengi wako ng'ambo ya pili, upande wa Karen na uwanja wa mbio wa Ngong, na sababu moja ni ya kibayolojia: maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na vijidudu vinavyouma usiku, huwaua farasi ilhali punda na pundamilia huyastahimili. Punda basi ndiye farasi wa nchi hii. Asubuhi kando ya lami kati ya Kitengela na Isinya utamwona akiwa na mitungi ya maji ya njano iliyofungwa ubavu huu na ule, na nyuma yake mama mwenye shanga shingoni akimwongoza kwa sauti zaidi kuliko kwa fimbo. Mbele kidogo, mvulana wa miaka kumi hivi, layoni kwa Kimaasai, anavusha mbuzi na kutazama kushoto na kulia kwa niaba ya kundi zima. Hao ndio wapanda farasi wetu. Tofauti ni kwamba hawako juu ya mnyama. Wako kando yake, kwa miguu, na kwa hiyo hawana hata ule urefu unaomfanya mpanda farasi aonekane juu ya paa la gari dogo.

Alama tuliyonayo huwafuta. Ng'ombe wake hutembea peke yake, hana mchungaji, kana kwamba mifugo ya Kajiado huamka na kujipeleka malishoni. Hapa kiashiria kinakihukumu kiashiriwa: kwa kumchora mnyama pekee, alama humfanya mfugaji aonekane mzembe aliyeacha mali yake izurure, na humfanya dereva aone anadaiwa kuvumilia kero tu, ilhali mbele yake kuna mtu wa kulindwa. Kundi la ng'ombe la Mmaasai barabarani karibu kila mara lina mtu mbele au nyuma. Kumwacha nje ya pembetatu si kurahisisha picha. Ni kuandika taarifa isiyo sahihi.

Usiku, kasoro hii huwa kali zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mandharinyuma na ukingo wa alama hufunikwa kwa karatasi yenye urejeshanuru, yaani vijishanga vya kioo au vijipembe vidogo mno ambavyo hurudisha mwanga wa taa za gari kulekule ulikotoka. Weusi wa umbokivuli haurudishi kitu. Kwa hiyo baada ya magharibi dereva haoni mnyama mweusi juu ya bamba jeupe. Huona bamba linalong'aa lenye tundu la giza katikati, na tundu hilo lina umbo la ng'ombe. Ni ufundi mkubwa, huenda haukukusudiwa, kwa sababu ndivyo hasa punda wa kijivu anavyoonekana juu ya lami pasipo mwezi: pengo katika mwanga. Na shuka nyekundu ya mchungaji haimwokoi. Jicho la binadamu likiingia kwenye utusitusi, rangi nyekundu ndiyo hutangulia kufifia na kuwa nyeusi. Shuka inayowaka saa tisa alasiri juu ya nyasi kavu huwa sehemu ya giza saa moja kasoro jioni, wakati uleule ambao mifugo inarudi bomani na matatu zinakimbizana kurudi Kitengela. Mwendesha bodaboda ana jaketi la riflekta. Mchungaji hana.

Kasoro ya pili ni ya wakati. Alama haina njeo. Haisemi ng'ombe wanapita, walipita au watapita. Husema tu ng'ombe, saa ishirini na nne, mwaka mzima, na dereva anayepita hapo kila siku saa sita mchana bila kukuta hata mbuzi huacha kuiamini. Nyanda za Athi na Kaputiei zinatupa mfano mchungu wa jambo hili. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya nyanda hizo na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuachwa wazi upande wake wa kusini kwa ajili yao, walihesabiwa kwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo, baada ya seng'enge, viwanja vya nusu ekari na saruji, wamebaki elfu chache tu. Alama ya nyumbu ikisimamishwa mahali walipoacha kupita huwa matini ya kihistoria inayojifanya habari ya leo. (Mara nyingine alama yenyewe ndiyo hupotea: bamba la chuma lina bei kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Sijui utanzu mwingine ambao kazi zake huibwa kwa ajili ya karatasi yake.)

Dawa ya kukosa njeo ni ya zamani na ni rahisi: bamba dogo chini ya pembetatu, linalofanya kazi ya kielezi. Hapo huandikwa umbali, na hapo pangeweza kuandikwa saa. Waingereza wamejifunza jambo jingine la kuongezwa. Kwa miaka kadhaa shirika la British Horse Society limeendesha kampeni ya kuwataka madereva wapunguze mwendo wanapompita farasi, na toleo la mwaka 2022 la mwongozo wa barabara wa nchi hiyo likataja vipimo vyenyewe: kasi isiyozidi maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, na nafasi ya angalau mita 2. Naona hapa hatua ya kimtindo kuliko ya kisheria. Alama hutoa nomino na kitenzi cha mnyama, lakini kitenzi cha dereva humwachia mwenyewe akibuni. Vipimo viwili, kasi na nafasi, ndivyo vinavyompa dereva kitenzi chake.

Mchoro wa Kajiado basi uweje? Kuhamisha mpanda farasi kama alivyo hakutufai, na kumweka mtu nyuma ya punda kungerefusha mlalo ambao pembetatu inauchukia. Wote wawili wangepunguzwa hadi wawe wadudu. Ningemweka mtu katikati, wima, kichwa kikielekea nchani, fimbo mkononi, na punda mwenye mzigo akimpita kwa mbele kiasi kwamba miili yao inakutana na kuwa umbokivuli mmoja. Hivyo fremu ingejaa kama inavyojaa kwa mpanda farasi, na jicho lingetua kwa binadamu. Mtu huyo awe mwanamke au mtoto. Calvert mwenyewe alikwisha kutuonyesha kwamba chaguo la namna hiyo ni halali: katika alama yake ya watoto wa shule, msichana ndiye anayemwongoza mvulana, kinyume na alama iliyotangulia, na hakuna dereva aliyeshindwa kuielewa. Ndani ya umbokivuli kiachwe kistari chembamba cha weupe unaong'aa kifuani pa mtu, ili usiku tundu la giza liwe na mahali panapojibu mwanga.

Alama haziwekwi kiholela. Zinafuata Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na barabara ya Namanga iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA. Kwa barabara za kaunti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia ombi bunge la kaunti. Wakazi wa Kitengela, Isinya na Bissil watakaoshika kalamu wasiombe "alama za wanyama" tu, maana watapewa ng'ombe mwingine asiye na mchungaji. Wataje kilomita mifugo inapovuka, wataje saa za kwenda na kurudi, wataje kasi wanayoitaka kwa tarakimu, na waambatishe mchoro.